Koti la Kamera

...na hapo kwenye kona aongeze vitanzi, hilo tu ndilo alilokuwa akiliwaza Bibi, wamwache, maana kona ndiyo iliyopasuka tableti ilipoanguka, na wala hakuisukuma, alikuwa anafuta vumbi kabatini, kiwiko kikafanya kazi yake, na binti yake badala ya kuitupa akaja na bunda la uzi, Mama, si unajua kufuma, ifumie koti nene, ikianguka tena isiumie, ila huku juu uache tundu kamera ipate kuona... tundu, eti, mfungwa amfumie askari koti la baridi, tena amwachie na pa kuchungulia... sindano ikaingia, ikanasa uzi, ikatoka, na kisa chote ni sufuria moja ya maharagwe, yaliungua, sawa, moshi ulijaa, sawa, nani hajawahi kuunguza, lakini tangu siku hiyo kitu hiki kimemkalia pale kabatini kama mgeni asiyeaga, binti yuko huko ofisini kwake anamwona mama yake mpaka anavyopiga miayo, na kumsemesha humohumo...

"Mama, mbona huli? Chakula nimekuachia mezani."

"Nitakula nikisikia njaa. Au nayo unaiona kutoka huko?"

"Mama, jamani."

Jamani nini, huyu aliyefutwa kamasi naye mpaka akajua kujifuta leo anamwambia asisimame mlangoni, asiguse jiko, asitoke, utaanguka Mama, kana kwamba sakafu ya humu ndani ni ya pamba, na ng'ambo ya ukuta fundi cherehani anacheka na wateja wake, sikiliza, mwanamke yule anacheka kama mtu anayedaiwa kicheko, kinapita ukutani chenyewe, na yeye mwenye miguu hapiti... haya, ijaribiwe, akaishika tableti akaitumbukiza kichwa chini ndani ya koti lile, polepole, kama anayemvalisha mtoto fulana.

"Mama? Mbona giza?"

"Naipima."

"Oh. Haya basi."

 Mabega yakamshuka, kumbe yalikuwa juu muda wote huo, akatoa ulimi nje, wote, akaulekeza kwenye koti lile, hakuna aliyemwona, akapandisha gauni akajikuna paja kwa raha zake, akajikuna na mgongo kwa sindano ileile, akautazama mlango, mlango tu, haukufungwa kwa ufunguo hata siku moja, ulikuwa unafungwa na sauti... na kupima kunachukua muda gani, yule fundi wateja wake anawapima wakakaa wakanywa chai wakasengenya wakasahau hata nguo...

"Mama, bado tu?"

Akaitoa. Jicho likamtazama, naye akalitazama. Koti lilikuwa limeikaa vizuri mno, kila kona mahali pake, hata yeye mwenyewe alijisifu moyoni, limebaki tundu tu, jioni hii lingekwisha.

"Imeenea?"

"Imebana, mwanangu," akasema, akaushika uzi akauvuta, na mistari ikaanza kufumuka mmoja baada ya mwingine, taratibu, ikimwangukia mapajani. "Nitafuma upya. Na kesho itabidi niipime vizuri, kwa hiyo usishtuke ukiona giza limekaa."

Ng'ambo ya ukuta fundi akacheka tena, na Bibi, bila kuondoa macho kwenye uzi, akavuta viatu vyake karibu kwa kidole cha mguu.