Upepo wa Mchana

Mwaka 1956, Mwalimu Edmund aliwafundisha akina mama kusoma katika darasa moja la kanisa huko Kihesa, Iringa. Bahari hakuwahi kuiona. Safari zake zote ziliishia Ruaha Mbuyuni. Hata hivyo, siku moja aliweka kitabu mezani bila kukifungua, akatangaza kwamba kule pwani upepo wa mchana hutoka nchi kavu kwenda baharini.

Benedicta, mjane aliyekaa Tanga miaka sita mumewe alipokuwa akikata mkonge, alisimama. "Samahani, mwalimu. Mchana upepo unatoka baharini. Usiku ndipo unageuka."

Edmund akacheka kwa dharau. "Mama, hata jina lako unaliandika kwa taabu. Jiografia utaiwezea wapi?"

Akina mama wengine wakainamisha vichwa. Benedicta hakukaa. Alikwenda mezani, akakifungua kitabu penye picha ya bahari, akasoma kwa sauti, silabi baada ya silabi: "Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda juu, na upepo wa baharini huja kujaza nafasi hiyo."

Edmund aliukodolea macho ukurasa ule. "Wachapaji wamekosea," alisema.

"Basi nenda Tanga, mwalimu, ukaisahihishe na bahari yenyewe."

Darasa zima likaangua kicheko. Edmund alichukua kofia yake akatoka bila kuaga. Hakuna aliyemfuata. Wanawake wakasogeza viti karibu na Benedicta, naye akafunua ukurasa uliofuata.