Kioo cha Gari la Mtu Mwingine

Katika ndoto ya usiku wa kuamkia leo sikuwa na viatu, sikuwa na leseni, sikuwa na koti langu la heshima, wala gari langu halikuwa na kioo cha mbele. Mke wangu, Mama Ipyana, alikuwa ameketi kando yangu. Alhamisi anaondolewa mtoto wa jicho hospitalini, na hakuna wa kumpeleka ila mimi.

Anatokea fundi Mbwilo, yule ambaye juzi alinibadilishia kioo kilichopasuliwa na jiwe la lori. Amebeba kioo begani. Anakipachika kwa mate.

"Kipya kabisa hiki, mzee Mwakilasa. Bado kinanuka kiwanda."

"Muongo," kinasema kioo.

Nikakitazama. Watu huchora namba ya gari kwenye vioo ili wezi wasivitamani. Hiki kilikuwa na namba kwenye kona. Haikuwa yangu.

"Shikamoo, mzee," kioo kikaendelea, kwa sauti ya karani anayesubiri saa ya chakula. "Mimi ni wa gari la Tunduma. Naonyesha njia ya Tunduma tu."

"Mimi nakwenda hospitali."

"Hospitali siijui."

Ninakanyaga mafuta. Kwenye dirisha la pembeni geti la hospitali linapita. Mbele yangu ni malori yaliyopanga foleni mpakani. Muuguzi anaita jina la mke wangu mara ya kwanza, kisha mara ya pili.

"Baba Ipyana, tumepita," anasema mke wangu.

"Naona."

"Huoni. Asiyeona ni mimi, na nimesikia tukipita."

Askari wa barabarani anashuka kutoka kwenye waipa ya kufutia kioo, anajipangusa vumbi.

"Kisheria, aliyekaa nyuma ya kioo ndiye mwenye kioo," anasema. "Kwa hiyo wewe si Mwakilasa."

"Ni nani basi?"

"Mwizi, mpaka mwenyewe apatikane."

Miaka sabini na moja sijaitwa mwizi. Jina la Mwakilasa nilijifunza kuliandika shule ya usiku, nikiwa tayari na watoto wanne, na nililiandika kwa mwandiko wa kuunganisha. Nikamwomba askari karatasi nimwonyeshe. Akasema karatasi ni kwa wenye majina.

Nikaamka nimekunja ngumi.

Asubuhi nilimkuta Mama Ipyana uani. Alikuwa anapapasa gari kwa kiganja, kama afanyavyo siku hizi ili ajue linaishia wapi. Kidole chake kikasimama kwenye kona ya kioo.

"Hapa wamekwangua kwa msasa," akasema. "Lakini nne imebaki. Gari letu lina nne?"

"Halina."

"Sasa utamwacha hivihivi?"

Nikaingia ndani, nikaandika:

"Ndugu fundi Mbwilo. Ulinihakikishia kioo ni kipya. Kina namba ya mtu, nayo imekwanguliwa. Sitampeleka mke wangu kutibiwa macho nikiwa nyuma ya kioo cha wizi. Nataka kioo halali kabla ya Jumatano jioni, na unitajie aliyekuuzia. Nakala: Polisi. Ni mimi, Mwakilasa."

Nikalamba bahasha mbili, nikazigandamiza kwa ngumi. Ya fundi nilimpa muuza maziwa, ambaye baiskeli yake hupita gereji kila asubuhi. Ya polisi niliipeleka mwenyewe, kwa miguu.