Kibao Kilichopita Mlango Wangu

…basi iwe ndiyo, Jumapili Ising akipiga simu Nenita atamwambia ndiyo dada, narudi Ufilipino, tandika hicho chumba, na mara mlango wa mbele unasukumwa na sauti inaingia kabla ya mwenyewe, hodi, samahani kwa usumbufu, ni Bi Hatanaka wa nyumba ya jirani, mwanamke asiyengoja kufunguliwa, anaingia mpaka pale pa kuvulia viatu na hapo ndipo anasimama, maana zaidi ya hapo hata ndugu hapandi bila kukaribishwa, na Nenita anajifuta mikono, anakwenda kupiga magoti ukingoni mwa sakafu kama marehemu mumewe Tetsuro alivyomfundisha, magoti pamoja, kichwa chini, si chini hivyo wewe, Tetsuro alikuwa akimcheka, unamsalimu jirani au unaomba radhi umeua mtu, na leo angeinama mpaka paji la uso liguse mbao, hakuna wa kumcheka… "Kunguru wa mwaka huu hawana adabu, Bi Kurabayashi," Bi Hatanaka anamwambia Nenita, mmoja anainua wavu wa taka kwa mdomo, mwenzake anaingia chini kuchana mifuko, majambazi kabisa, na Nenita anaitikia, ehe, naam, kweli kabisa, lakini hao kunguru wanamhusu nini, tangu mazishi hajatandaza wavu juu ya taka za mtaa wala kufagia pale, kwa sababu kile kibao cha zamu, kibao cha mbao chenye kamba kinachotundikwa wiki kwa wiki kutoka nyumba hadi nyumba, kilitoka mlangoni kwa Hatanaka kikapita mlango wake yeye kikaenda kutundikwa kwa Muramoto wa nyumba inayofuata, alikiona kwa macho yake kutoka dirisha la jikoni, Bi Muramoto akifunga kamba taratibu kama mtu asiyetaka kusikika, na pale pale akakaa chini jikoni, maana miaka yote ya ndoa kibao hicho hakikuwahi kumruka, hata mwaka ule wa kwanza alipochanganya chupa na makopo na mfuko wake ukarudishwa mlangoni na karatasi nyekundu ya onyo, hata mwaka huo walimletea, sasa wamemruka. Alikuwa mke wa Tetsuro, Tetsuro hayupo, yeye ni mke wa nani tena.

Na sababu anaijua, ni ule wali aliogawa siku chache tu kabla ya hapo, wali ndio uliomponza… "Na hii mvua," anasema Bi Hatanaka, "magoti yangu yanajua kuliko redio," naam, pole na magoti… wali wa kunata kwa nazi na sukari nyeusi, wa siku ya arobaini, kwao Ilocos siku ya arobaini roho inaondoka na huwezi kuiacha iondoke watu hawajala, mama yake angefufuka amchape, kwa hiyo alipika, nazi ya kopo maana nazi gani nyingine utaipata huku, Ufilipino ikiwa mbali hivi na theluji iko njiani, akaupakua kwenye sahani, akapita mlango kwa mlango akitabasamu, Mungu wangu, akitabasamu, na kila mlango ukapokea kwa mikono miwili, na Bi Muramoto akauliza kwa sauti ndogo, kuna sherehe, Bi Kurabayashi? Sherehe. Alirudi nyumbani uso unawaka na hakujua kosa ni nini mpaka kasisi wa hekalu la Kibudha alipomwambia kwa upole kwamba hapa Japani roho huagwa siku ya arobaini na tisa, kabla ya hapo nyumba yenye msiba hukaa kimya, haitembezi vitamu, na Tetsuro angemwambia, Tetsuro ndiye aliyemwambia kila kitu, bahasha hii ni ya harusi, ile si ya harusi, vijiti vya kulia usivisimamishe kwenye wali, supu unaruhusiwa kuivuta kwa kelele lakini pua usipenge mbele za watu, kila kitu, isipokuwa haya ya kifo chake mwenyewe, alisahau, au alidhani muda bado upo, wote wawili walidhani muda bado upo… na Ising kwenye simu, dada yake mkubwa, hana breki huyo, "Utakaa na nani huko, na mizimu? Hao watu hata jina lako hawalijui," na ni kweli, Bi Kurabayashi, Bi Kurabayashi, jina la mume, hakuna mdomo hata mmoja mtaani unaosema Nenita, ulikuwepo mmoja tu…

"Unanisikia lakini?" "Nakusikia, samahani." "Umekonda wewe. Unakula?" "Nakula." "Uongo," anasema Bi Hatanaka, na sasa anatoa mkono uliokuwa nyuma, anatoa na wa pili, na katikati ya mikono hiyo miwili ni kibao, kibao chenyewe, maandishi yamefifia, kamba mpya, anainama nacho, "Nilimwona kasisi akitoka kwako Jumamosi. Arobaini na tisa imepita, kwa hiyo kinaanzia kwako." Kinaanzia… "Mlinipita," Nenita anasikia mdomo wake ukisema, Kijapani chake kimepinda, "nilidhani nimewakosea, mkanipita." Bi Hatanaka anainua uso. "Nyumba yenye msiba tunairuka. Mume wangu alipofariki na mimi waliniruka. Mtu analia, umpe fagio? Tetsuro hakukuambia?" Hapana, Tetsuro hakusema. "Na ule wali wako, sikujua kwenu mnaula vipi, nikamwekea mzee wangu kwanza kwenye madhabahu yake pale nyumbani, kisha nikala mimi. Mtamu. Ila sukari ile, unataka kuniua." Na anacheka kidogo, anaziba mdomo kwa kibao.

Kumbe hawakumtoa, kumbe siku zote hizo alizokuwa akiwachukia kutoka dirisha la jikoni walikuwa wakipita kwa kunyata nje ya mlango wake kama watu wanaopita chumba cha mgonjwa, mtaa mzima ulikuwa umemshika Tetsuro upande mmoja na yeye amemshika upande wa pili na hakujua, na angepaswa kufurahi, Ising atauliza Jumapili na atamjibu nini, kwamba haji, ana zamu, lakini furaha haiji, kwa sababu kibao kimerudi, maana yake siku za msiba zimeisha, upande wao wameshaachia, kuanzia asubuhi hii kwa mtaa huu Tetsuro amekufa kama wanavyokufa watu wote, zamani, na uzito wote umebaki mikononi mwake peke yake, na Bi Hatanaka ameinama tena, kibao mbele yake, anangoja kipokelewe, magoti yake yale yanamuuma na anangoja, na Nenita amepiga magoti hajanyoosha mkono, alitaka kuhesabiwa na amehesabiwa, na sasa anataka kumwambia niruke tena, mama, mara moja tu, nirukeni, mwenzangu huko aliko bado mgeni, hajazoea.