Mipira Nyuma ya Jiko la Rosmira

Ijumaa saa tisa alasiri, Yurani Úsuga alikuwa mezani kwake ofisini, katikati ya Medellín, mkono mmoja umeshika arepa, mkate wa mahindi, kidole cha mwingine kikiteleza juu ya kioo cha simu. Alikuwa akijaribu hatua ya arobaini na saba ya mchezo wa gofu waliokuwa wakiutengeneza. Mchezo wenyewe ni mafumbo: unaupiga mpira, kisha uzito, mteremko na msuguano vinafanya kazi yao, na ukikosea hesabu shauri yako. Sharti la ofisi lilikuwa moja: aliyeitengeneza hatua lazima auingize mpira shimoni mwenyewe kabla watu hawajapewa.

Hatua hii aliichora kwa kuukumbuka mtaa wao wa mlimani: ngazi zote, kona ya duka la mikate, nyumba ya mama yake. Shimo aliliweka chini kabisa, kwenye kiwanja cha kandanda. Akapiga. Mpira ukashuka ngazi vizuri, ukafika mlangoni kwa mama yake, ukakata kushoto, ukaingia ndani na kupotea.

Papo hapo mama yake, Rosmira, akapiga simu.

"Yurani, kuna kimpira cheupe kimeingia jikoni. Chako?"

"Changu, mama."

"Basi piga polepole, mwanangu. Nina maharage motoni."

Alipiga mara thelathini, na mara zote thelathini mpira ulikwenda kushoto. Rosmira alisema yote imeingia nyuma ya jiko na hata mmoja haujatoka. Yurani akapitia hesabu mstari kwa mstari, zikawa sawa. Kama mpira haukosei, basi sakafu ya mama yake ndiyo imelala upande. Hapo arepa ikamshinda.

Kesho yake akapanda kwa mama yake, wakalivuta jiko. Nyuma yake palikuwa na ufa wa kupitisha ngumi. Yurani akaudondosha mpira mmoja uliokuwa umekwama ukingoni, akategesha sikio. Ulikaa sana hewani, kisha ukagonga chuma.

"Nyie huko juu," sauti ya mwanamume ikatoka chini ya sakafu, "acheni kutupa mipira, tuko kazini."

Mipira ilikuwa ya Yurani, haikumsumbua. Kilichomshtua ni kwamba chini ya jiko la mama yake kulikuwa na watu kazini. Wenye kujenga maghorofa huko bondeni walikuwa wakichimba maegesho ya magari, na walikuwa wameingia ndani ya mlima bila kumbishia hodi mtu yeyote.

Rosmira akainama kwenye ufa. "Mmefika lini hapo, mwanangu?"

"Tangu Februari, mama. Tuliambiwa juu hakuna mtu."

Jumatatu mhandisi wa kampuni ya ujenzi akaja kwa Rosmira na ramani yake. Aliuweka mpira sakafuni kwa mkono wake, akautazama ukienda.

"Unakwenda kushoto, sikatai," akasema. "Lakini ramani inaonyesha hapa ni kichaka."

Akanywa kikombe cha kahawa alichopewa na hicho kichaka, akashukuru, akaondoka. Yurani akamsihi mama yake ahame. Rosmira akamwambia kila tofali la nyumba ile lilipanda mlima mgongoni mwake na mwa marehemu mumewe, kwa hiyo asimchoshe.

Ofisini, bosi wake Hernán akampa hadi Jumatano: mpira uingie shimoni au hatua ifutwe. Yurani akawaza kwamba kama mpira umeweza kuvuka kutoka mchezoni hadi jikoni, nguzo itashindwa nini? Akasimamisha mchezoni nguzo ya zege chini ya jiko la mama yake, nene kuliko inavyohitajika. Ilimchukua dakika nne. Akapiga. Mpira ukaupita mlango, ukateremka, ukaingia shimoni. Wenzake wakapiga makofi, naye akampigia mama yake simu.

"Mama, chungulia kwenye ufa. Kuna nguzo?"

Rosmira akainama kwenye ufa. "Hakuna nguzo. Naziona taa zao, na lile dude la kuchimbia. Ila mipira imeacha kuja."

"Nimeurekebisha mteremko, mama."

"Huko kwenu, sawa. Sasa mimi huku, bila mipira, nitajuaje nyumba imeinama kufikia wapi?"

Hatua ilitolewa Alhamisi, na watu wengi wakaandika kwamba ni rahisi mno. Rosmira alisogeza kitanda karibu na mlango, na siku hizi analala na viatu miguuni.