Makande ya Nyuma ya Mashine

Kila siku saa saba mchana nilifanya mambo yale yale. Nilinawa mikono, nikamwegemeza mama kwenye mto, nikafunua hotpoti, nikamtajia kilichomo. Alikula vijiko vitatu, akashukuru kama mgeni, nikafunika. Siku ya kumi na moja hakufungua mdomo. Aligeuza uso, akasema taratibu, "Natalia, nenda ukakimwage. Usihangaike tena."

Tulikuwa hospitali ya Haydom tangu mama avunjike nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alisema ale chochote anachokitamani, mradi ale, maana mwili usiopata chakula haujengi mfupa. Mimi ndiye niliyebaki naye kwa sababu nina diploma ya maendeleo ya jamii na sina kazi. Kaka yangu Benedict, anayeishi Arusha, alieleza hivyo hivyo kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Natalia yupo tu." Kutoka huko huko alituma maagizo. Mpe supu ya kongoro. Mpe parachichi. Umempa mtori? Niliandika mengi nikayafuta, nikaishia kutuma, "Nimempa kaka, ameonja."

Siku ile nilitoka na hotpoti nikitafuta mahali pa kumwaga chakula bila watu kuona kwamba nalia. Nyuma ya mashine ya kusaga kuna baa ambayo huioni mpaka uifikie: mabati, kreti za bia, mabenchi mawili ukutani. Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Haikuwa ya pombe. Yalikuwa mahindi na maharage ya ngwara yaliyoiva polepole kwenye chungu, pamoja na samli.

"Binti wa chuo amepotea njia," alisema mzee mmoja aliyejifunga shuka, fimbo mapajani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hapa hatuuzi vocha."

Wenzake wakacheka. Nilikuwa nimeshageuka niondoke wakati mwenye baa, mama mmoja aitwaye Qamara, alipotoka jikoni, akaitazama hotpoti na kuuliza mgonjwa ni nani. Nilimweleza yote, nadhani kwa sababu hakuonyesha kunihurumia. Akanipakulia makande kwenye sahani, akachukua kibuyu cha yule mzee bila kumwomba, akamimina maziwa mgando juu yake.

"Kula wewe kwanza," alisema. "Mtu mwenye njaa atamlisha nani?"

"Ale polepole," mzee akasema. Aliitwa Gidahosh. "Hawa wa milimani kulima wanajua. Maziwa wanayatia kwenye chai."

Mahindi yalikuwa laini lakini hayajapondeka, ngwara zimetoa uji mzito, na maziwa yalibeba ule moshi wa mkaa wanaosugulia vibuyu. Mama alitupikia hivi kule kwetu milimani, Gitting, siku za mvua, kabla sijaanza shule. Tangu tupate jiko la gesi hakuna aliyekuwa na subira ya kukesha na chungu. Nilikula mpaka nikaona aibu.

Nilipoomba anifungie ya mgonjwa, Qamara alikataa. "Mgonjwa hafungiwi kwenye mfuko. Lete chombo anachokijua." Nikakimbia wodini, nikachukua bakuli la mama la bati alilotoka nalo nyumbani. Alipolijaza nililipiga picha palepale juu ya meza, nikaituma kwenye kundi: "Leo mama atakula."

Mama alikula lote, akakwangua. Aliponiuliza nimekitoa wapi, nilisema hotelini. Mama ni mwenyekiti wa wanawake kanisani kwetu, na kwa miaka mingi amepita nyumba kwa nyumba akiwasihi watu waache vilabu. Nilidanganya, nikarudi kwa Qamara siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Mashavu ya mama yakaanza kujaa. Alisimama na magongo, akapiga hatua sita.

Kwenye kundi hakuna aliyeuliza amekula kiasi gani. Waliikuza ile picha. Nyuma ya bakuli zilionekana kreti za bia. "Unamlisha mama chakula cha baa?" Benedict aliandika. "Mwenyekiti wa akina mama?" Ikafuata sauti yake ya dakika nne, nikaisikiliza nje nikiwa nimeegemea ukuta. Siku kumi za vijiko vitatu vitatu hazikumpandisha basi. Kreti za bia zilimpandisha.

Alifika siku ya tano, mama akiwa na kijiko mkononi. Aliongozana na akina mama wawili wa kanisa aliowapitia Gitting, na kopo la unga wa lishe. Wakasali. Baada ya amina akaliinamia bakuli, akanusa.

"Mama, Natalia amekwambia hiki kinatoka wapi?"

"Hotelini."

"Kinatoka baa. Wanakokaa walevi."

Mama alinitazama, kisha akawatazama wale akina mama. Mmoja alishusha macho, akaanza kunyoosha khanga yake isiyokuwa na mkunjo. Mama akakiweka kijiko chini, kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.

"Inatosha," alisema. "Nimeshiba."

Hakuwa amefika nusu. Akajifuta mdomo kwa kiganja, akaficha mkono chini ya shuka. Nimelelewa nisimjibu mkubwa, na huwa nakasirika bila mtu kujua. Lakini ule mkono uliofichwa sikuweza kuuvumilia. Benedict alikuwa ameshalinyanyua bakuli.

"Nakwenda kumwaga. Wewe korogea huu unga."

"Liache, kaka."

"Unasemaje?"

"Natalia," mama alinionya.

"Mama, nilikudanganya, unisamehe. Ni baa. Anapika mama Qamara, na maziwa ni ya mzee mmoja anayeniuliza kila siku umeamkaje. Sikukwambia kwa sababu nilijua utaacha kula." Nikamgeukia Benedict. "Na wewe kaka, una robo saa humu ndani. Hujauliza kidonda. Hujauliza analalaje. Siku ile aliponiambia nisihangaike tena, nilijua mama anakufa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu kwenye kundi mnatuma maagizo tu. Sitaki mama afe. Mrudishie bakuli lake."