Diski Yenye Rangi Mbili

Mashine ilipoitema diski kwa mara ya tatu, afisa utumishi wa kiwanda alikunja mikono kifuani akatabasamu kama mtu aliyeongezewa chai bila kuomba.

"Haisomeki," alisema katibu wa baraza la usuluhishi.

Dada aliisikia ile sauti ya mashine, krr, krr, halafu kimya, akauma meno. Alikuwa ameketi benchi la mbele, bega kwa bega na mdogo wake. Kijana alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, mkono wa kulia kauzamisha mfukoni. Mkono ule ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilibaki kwenye mashine ya kukatia maboksi miezi minne iliyopita, na kiwanda kilimfukuza kazi kabla bendeji haijatoka. Walisema aliifungua mwenyewe kinga ya kisu ili amalize upesi akapige soga. Yeye alisema kinga ilifunguliwa na msimamizi wake. Wenzake kumi na wanne walikuwa zamu ile, na wote walikuwa na watoto wa kulisha, kwa hiyo hakuna aliyeona. Ikabaki kamera moja juu ya mlango wa karakana. Baraza likaamuru kiwanda kilete picha za asubuhi ile.

Kiwanda kikaleta. Ndiyo diski hii iliyokuwa ikitemwa.

"Jaribu kwenye kompyuta," alisema mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni.

Katibu akajaribu. Kompyuta ikakoroma kidogo, ikatulia.

"Inasema diski tupu, mama."

"Basi, mheshimiwa," alisema afisa kwa sauti laini kabisa. "Sisi tumetii amri. Kama kamera haikushika kitu siku hiyo, ni bahati mbaya. Huyu kijana tunampenda kama mwanetu. Tunaomba tu shauri liamuliwe leo kwa maelezo ya maandishi yaliyopo."

Maelezo ya maandishi yaliyopo yalikuwa ya msimamizi.

Kama mwanetu! Dada alihisi damu ikimchemka mpaka masikioni. Huku ndiko kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwana gani huyo anayefukuzwa akiwa wodini?

"Dada, tuondoke," mdogo wake alinong'ona. "Wameshashinda."

"Nyamaza wewe. Kaa hapo hapo."

Wasichokijua watu wa kiwanda ni kwamba dada alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika duka la steshenari, kwenye kona ya kompyuta, akichoma diski za watu. Alishachoma harusi, mahubiri, mahafali na mazishi. Alishatukanwa kwa ajili ya diski kila namna. Alijua kuna DVD zenye alama ya kutoa mbele ya herufi R na zenye alama ya kujumlisha, na kwamba deki za zamani, zile mashine za kuchezea DVD, zilikubali za kutoa tu na kuzitema zile nyingine kama mtoto aliyepewa dawa chungu. Kila mteja alimwuliza kwanza: "Deki yako ya mwaka gani?" Na alijua kosa baya kuliko hilo.

Akasimama.

"Mama mwenyekiti, naomba kuiona hiyo diski kwa chini."

"Wewe ni wakili?" aliuliza afisa.

"Mimi ni mchoma diski."

Watu wa benchi la nyuma walicheka. Afisa naye akacheka. "Mheshimiwa, kompyuta imeshasema ni tupu. Tumsikilize nani, kompyuta au dada wa mtaani?"

"Debe tupu ndilo lenye kelele, bwana," alisema dada, "na hapa diski haijapiga kelele hata kidogo. Unayepiga ni wewe."

"Heshima, tafadhali!" Katibu aligonga meza, lakini mwenyekiti alikuwa ameshaivaa miwani.

"Kielelezo hakiguswi na upande wowote," alisema. "Nitakishika mimi. Niangalie nini?"

"Igeuzie dirishani, mama. Iinamishe kidogo. Anzia kwenye tundu la katikati."

Mwenyekiti aliinamisha. Mwanga wa saa nne ukateleza juu ya diski. Akaisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali.

"Kuna duara," alisema polepole. "Huku ndani rangi imekolea. Halafu pana mstari, na huko nje imepauka."

"Iliyokolea imechomwa. Iliyopauka ndiyo tupu," alisema dada. "Diski tupu ina rangi moja, mama, kama sahani. Hii ina maneno ndani. Ila haijafungwa. Ukishachoma, lazima uifunge, ndipo mashine nyingine zijue pa kuanzia kusoma. Usipoifunga, inasomwa na mashine ileile iliyoichoma, kwingine kote utaambiwa tupu. Tena alama naiona hapo juu yake, ni ya kujumlisha, na deki yenu hapo ni ya zamani. Wameleta mlango usio na kitasa, halafu wanatuambia ndani hakuna mtu!"

Mwenyekiti aliirudisha diski kwenye bahasha, akaikandamiza bahasha kwa kiganja.

"Mashine iliyochoma iko wapi?"

"Kiwandani, mheshimiwa, lakini ni nzito, na mwenye..."

"Ije. Na aliyechoma aje nayo. Tutakaa hapa hapa."

Mashine nzito ilifika baada ya saa moja, imeviringishwa taulo, kwapani mwa mzee mwembamba aliyetunza kamera za kiwanda. Wote walimwita Jicho. Aliiweka mezani, akachomeka nyaya kwenye televisheni, bila kumtazama mtu.

"Kwa nini hukuifunga?" aliuliza mwenyekiti.

"Huwa sizifungi, mama. Ukiifunga huongezi tena kitu. Mimi naongeza leo kidogo, kesho kidogo, mpaka ijae. Ndiyo kazi yangu ilivyo."

"Na ulijua haitasomeka hapa?"

Jicho aliikunja taulo mara mbili, akaikunja tena.

"Nilimwambia bosi, huyu hapa. Nikasema hii niifunge kwanza. Akasema peleka hivyo hivyo."

"Wewe mzee!" Afisa alikuwa ameshasimama. "Unajua unachosema?"

"Nina miaka sitini na moja," alisema Jicho. "Mwezi ujao nastaafu. Najua."

Mwenyekiti akamkabidhi diski. Jicho akaiingiza, akabonyeza. Safari hii mashine haikukoroma. Karakana ikatokea, ya kijivu, na saa pembeni. Msimamizi akaingia na bisibisi. Akafungua kinga ya kisu, skrubu moja, ya pili, akaisimamisha ukutani, akampigia makofi ya haraka kijana aliyekuwa nyuma ya mashine. Haraka, haraka. Hakuna aliyehitaji sauti.

Dada alikuwa amejiandaa kwa dakika hii. Alikuwa na maneno ya afisa, ya msimamizi, ya wale kumi na wanne wasioona. Akageuka amshike mdogo wake bega.

Kijana hakuwa anamtazama msimamizi. Alikuwa anatazama kona ya chini ya televisheni, mahali alipokuwa yeye mwenyewe, asubuhi ile, akifunga kamba za aproni kwa mikono miwili.

"Simamisha," alisema mwenyekiti kabla kisu hakijashuka. "Imetosha. Baraza limeona."

"Naomba irudiwe," alisema kijana.

"Mwanangu, hakuna haja. Tumeona kinga."

"Si kinga. Pale mwanzo. Pale ninapofunga kamba."

Mwenyekiti akamwashiria Jicho. Jicho akarudisha. Vidole kumi vikakunja kamba, vikapiga fundo, vikavuta. Kijana aliutoa mkono wake mfukoni, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, akauweka mezani mbele ya watu wote, akaendelea kutazama. Afisa aliangalia viatu vyake.

Maneno yote ya dada yalikwama. Hasira haikupungua, ilikaa tu, nzito, kama jiwe lililokosa pa kurushwa.

"Niifunge sasa?" aliuliza Jicho kwa upole, kidole juu ya kitufe.

"Funga," alisema dada. "Funga mbele yetu, na asiongeze mtu kitu tena."