Kiuno cha Wastani

Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, na Vidole alikuwa ameikodolea macho tangu asubuhi, utadhani ingejijaza yenyewe. Kisanduku cha kwanza: Takwimu za Awali, somo la kusoma majedwali na kuchora grafu. Cha pili: Takwimu za Awali kwa Hesabu, lile lenye milinganyo inayoteremka ukurasa mzima. Bila kufaulu hilo la pili huingii idara ya utafiti wa magonjwa, na utafiti wa magonjwa ndio uliomleta chuoni. Lakini hesabu! Hata hilo jina la Vidole alipewa darasa la nne, kwa kujumlishia vidole chini ya dawati, likamganda mpaka leo.

Fomu zilikuwa zinafungwa saa kumi. Saa sita akaenda kwa mama yake, fundi cherehani, nyuma ya kituo cha mabasi.

"Mama, nachukua lile jepesi. Nimeuliza. Wastani wao ni sabini na moja, wa lile gumu hamsini na nane. Kama wenye akili zao wanapata hamsini na nane, mimi je?"

Mama alikuwa na pini mdomoni. Akazitemea kiganjani, akacheka.

"Wastani! Usinikumbushe yule mwalimu mkuu na sketi zake arobaini. Ati nisijisumbue kupima watoto, yeye kashapiga hesabu, kaniletea kiuno cha wastani kwenye karatasi. Na mimi kwa uvivu wangu nikashona. Wadogo zikawaanguka miguuni, wakubwa zikagoma mapajani. Mwenye kiuno kile hakuwepo shule nzima! Nilifumua wiki mbili."

Vidole naye alicheka, kisha kicheko kikamkatika. Akakwapua fomu yake akatoka mbio.

Matokeo ya mwaka jana ya lile somo gumu yalikuwa bado yamebandikwa ubaoni, nje ya ofisi ya idara. Akayahesabu moja moja, kwa vidole, aone haya ya nini. Ishirini walipata themanini na kitu. Ishirini wengine, thelathini na kitu. Wa hamsini na nane hakuwepo hata mmoja.

"Hawa wa juu ni kina nani?" akamuuliza karani.

"Wa mazoezi ya Jumamosi," karani akajibu bila kuinua uso. "Hao wa chini walikuwa wanalala."

Jumamosi wateja wa mama hufuata nguo zao, na ni yeye anayekaa kwenye mashine ya pili, akipinda na kutia vifungo. Mgongo wa mama haukuwa tena wa kufanya kazi ya watu wawili. Alilitaka lile somo, na akaona aibu kulitaka.

Alirudi kwa mama na fomu tupu, akamweleza yote. Mama aliinuka taratibu, kajishika kiuno, akaifunika mashine ya pili kwa kitambaa.

"Mama, utaweza kweli?"

"Watafuata nguo Jumatatu. Wakinuna, wanune." Akamgeuza kwa mabega, kama anavyomgeuza akitaka kumpima. "Tangu unatambaa nakupima mwenyewe, mwanangu. Sijawahi kukukatia nguo kwa wastani. Leo ndiyo ujikatie wewe?"

Ilikuwa imebaki nusu saa. Vidole akaweka alama kwenye kisanduku cha pili, juu ya meza ya kukatia, machozi yakimtoka, akakimbia.